HISTORIA YA AFYA YA MAMA, SEHEMU YA 6: Alikuja kwa miaka 3, akakaa 61

Akina baba nanyi someni, hii inawahusu.

Mwaka 1959 Dk. Catherine Hamlin na mumewe Reginald, madaktari wa akina mama, waliingia Addis Ababa, Ethiopia. Mkataba ulikuwa miaka 3 tu, kazi yao kuanzisha shule ya wakunga. Wakakutana na wanawake wanaovuja mkojo usiku na mchana, wengi wameachwa na waume, majirani wamewakimbia. Ndiyo fistula hiyo.

Inatokeaje? Mama anashikwa uchungu pingamizi, mtoto hapiti, kichwa kinakibana kibofu kwenye mfupa wa nyonga. Damu haifiki, nyama inakufa, baada ya siku chache panabaki tundu. Mara nyingi mtoto naye anakuwa ameshafariki. Jamani, si kulogwa wala si adhabu ya uzinzi.

Kwao Australia hawakuwahi kuiona. Walisoma, wakajifunza kushona tundu la kibofu, na mwaka 1974 wakafungua hospitali ya fistula peke yake, matibabu bure. Reginald alifariki 1993. Catherine akaendelea hadi alipofariki Machi 2020, akiwa na miaka 96.

Ila ninayempenda zaidi ni Mamitu Gashe. Aliletwa kwao bado binti mdogo, ana fistula, hajui kusoma. Akatibiwa, akabaki kusaidia chumba cha upasuaji, akafundishwa kushona. Mwishowe akawa yeye ndiye anayewafundisha madaktari!

Mwaka 2007 Catherine alifungua chuo cha wakunga, ile kazi iliyomleta tangu mwanzo. Kwa nini? Kwa sababu kushona tundu ni kuja nyuma ya tatizo. Fistula inazuiliwa wakati wa uchungu, kwa mkunga anayejua na upasuaji unaowahi.

Basi mama yangu, uchungu ukianza usisubiri kukuche. Wa huko milimani, Kinole na Mgeta, shukeni mapema, siku zikikaribia muwe karibu na kituo. Baba, nauli iwe imewekwa pembeni kabla.

Na kama una wifi au jirani anayejificha kwa sababu ya mkojo, mwambie inatibika. CCBRT Dar es Salaam wanatibu fistula bure. Mshike mkono, mwende kituo cha afya wampe rufaa.