Tangi Kubwa la Kuchanganyia Vimiminika Lahitaji Hesabu Mpya ya Mota

Wazalishaji wa sabuni ya maji, juisi na rangi wanaokusudia kuongeza uzalishaji wanapaswa kukokotoa upya nguvu ya mota kabla ya kununua tangi kubwa la kuchanganyia. Tangi lenye ujazo mara 8 halihitaji mota yenye nguvu mara 8 ikiwa kasi ya mzunguko itabaki ile ile. Huhitaji mota yenye nguvu mara 32. Mota iliyochaguliwa kwa kukisia huzidiwa, hupata joto na huweza kuungua.

Msingi wa hesabu

Nguvu inayohitajika hutegemea umbo la pangaboi la kuchanganyia, kipenyo chake, kasi ya mzunguko na densiti ya kimiminika. Kwa vimiminika vyepesi kama maji, nguvu hubadilika kwa kipeo cha tatu cha kasi na kipeo cha tano cha kipenyo. Kwa sababu hiyo, kasi ikiongezwa maradufu, nguvu hupanda mara 8. Kipenyo kikiongezwa maradufu kwa kasi ile ile, nguvu hupanda mara 32.

Mfano

Tangi lenye kipenyo cha sentimita 60 na kimiminika cha kina hicho hicho huchukua takribani lita 170. Pangaboi la sentimita 20 lenye diski na mapanga sita ya wima, likizunguka mara 300 kwa dakika ndani ya maji, hutumia takribani wati 200, endapo ukuta wa tangi una bapa nne za kuzuia maji yasizunguke pamoja na pangaboi.

Vipimo vyote vikiongezwa maradufu, tangi huchukua takribani lita 1,360. Mzalishaji huwa na njia tatu:

- Kubakiza mizunguko 300 kwa dakika: wati 6,400.
- Kubakiza kiasi kile kile cha nguvu kwa kila lita: mizunguko 189 kwa dakika, wati 1,600.
- Kubakiza kasi ya ncha za mapanga: mizunguko 150 kwa dakika, wati 800.

Njia ya kwanza hulinda muda wa kuchanganya, lakini gharama ya umeme huwa kubwa. Katika njia ya pili, muda huongezeka kwa takribani mara 1.6, katika ya tatu, mara 2. Njia ya tatu hufaa pale ambapo mapanga yenye kasi kubwa yanaweza kuharibu bidhaa.

Mambo ya kuzingatia

Viwango hivyo ni vya nguvu inayofika kwenye pangaboi. Mota yenyewe huwa kubwa zaidi ili kufidia upotevu katika giaboksi na mzigo wa kuanzia. Kwa bidhaa nzito sana, mnato ndio unaotawala, na kanuni hubadilika.

Aidha, ujazo ukiongezeka mara 8, eneo la ukuta wa tangi huongezeka mara 4 tu. Mchanganyiko unaozalisha joto hupoa polepole zaidi katika tangi kubwa, hivyo mfumo wa kupoza nao unapaswa kupimwa upya kwa usalama wa wafanyakazi.

Wenye viwanda vidogo wanaweza kupata ushauri wa kiufundi katika ofisi za Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) zilizopo mikoani.