Makumbusho na Ukumbusho: Kujifunza Kutazama Sanaa ya Leo Lubumbashi

Kitenzi kukumbusha kimetuzalia majina mawili. Makumbusho ni nyumba ya kuhifadhi vitu vya kale. Ukumbusho, katika Lubumbashi ya miaka ya 1970, lilikuwa jina la picha za rangi ambazo watu walizitundika sebuleni: Lumumba amekamatwa, mfungwa anachapwa mbele ya bendera ya Ubelgiji. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, kati ya 1973 na 1974, alisimulia hivyo historia ya nchi kwa picha zaidi ya 100.

Undugu wa majina hayo una funzo. Asiyezoea sanaa ya leo huuliza kwanza: je, ni nzuri? Imefanana na nini? Makumbusho ya mji wetu, yaliyoanzishwa mwaka 1946, humfunza swali jingine. Mbele ya misalaba ya shaba, iliyokuwa fedha ya wazee, mtu huuliza: nani aliiyeyusha, kwa kazi gani, nayo yatukumbusha nini?

Na abebe swali hilo hadi kwenye picha za Sammy Baloji za mwaka 2006, ambamo wafanyakazi wa migodi wa enzi ya ukoloni wamewekwa juu ya magofu ya viwanda. Asiyeuliza ataona watu waliobandikwa mahali pasipo pao. Aulizaye ataona babu zetu wamerudi kudai jasho lao.

Basi mwalimu ampeleke mwanafunzi makumbushoni kwanza, nadharia itafuata.