James Mbotela na Riwaya Iliyotoka Ng'ambo ya Buxton

Atokaye Buxton, mtaa wa kisiwani Mvita (Mombasa) ubebao jina lile lile alilokuwa nalo Thomas Fowell Buxton, mbunge wa Uingereza aliyeongoza vita vya kuutangua utumwa baada ya William Wilberforce, akivuka daraja la Nyali huikuta Freretown, iliyoasisiwa na wamisionari wa CMS mwaka 1875 kuwa makao ya mahuru, ikapewa jina la Sir Bartle Frere, mjumbe aliyetumwa Unguja mwaka 1873 kumshurutisha Sayyid Barghash alifunge soko la watumwa. Huko ndiko alikokulia James Mbotela, mwana wa mtumwa aliyekombolewa, na huko ndiko kulikotoka *Uhuru wa Watumwa*, kitabu kilichochapishwa London na Sheldon Press mwaka 1934.

Ajabu yake ni hii, kwamba Mvita ya mshairi Muyaka bin Haji, mji ambao wajuzi wake walizitia hikima na habari zao katika shairi na utenzi, haukuipata hadithi ndefu ya nathari kutoka kwa waungwana wa Mji wa Kale, bali kutoka kwa kizazi cha watu walioshushwa pwani bila nasaba ya kutajwa wala shamba la kurithi. Walikuja na lugha mbalimbali za bara, wakaunganishwa na Kiswahili. Na walichokuwa nacho cha kurithishana kilikuwa masimulizi.

Mbotela aliyakusanya masimulizi hayo ya wazee, akayapanga yawe safari moja: kutekwa bara, minyororo, jahazi lililosheheni watu, manowari ya Kiingereza iliyolizuia, kisha maisha mapya ya kengele, shule na kanisa. Wako wasemao kuwa hiyo ni historia, wala si riwaya. Mimi naiita riwaya, kwa kuwa mwandishi hakutosheka kutaja matukio, bali aliwapa watekwa kauli, hofu na tamaa zao, hata msomaji akafuata mwendo wao hatua kwa hatua. Na Kiswahili chake ni chepesi, kisicho mapambo, kiitikiacho sauti ya msimulizi barazani. Mwaka 1956 kitabu kilitoka kwa Kiingereza, lakini ladha yake imo katika asili.

Wahakiki wa baada ya uhuru walimlaumu kwa kuwasifu Waingereza kupita kiasi, na lawama hiyo ina haki yake, kwani mzigo wote wa biashara ya watumwa amewatwika Waarabu, ilhali mashamba ya Wafaransa wa visiwa vya Bahari ya Hindi nayo yalichukua watumwa wengi kutoka Kilwa, na Waingereza wenyewe walikuwa wachuuzi wakubwa wa watu huko Atlantiki kabla ya kutubu. Hata hivyo, shukrani ya mwana ambaye mzazi wake alitolewa utumwani siiiti unafiki. Ni ushahidi wa namna mahuru walivyoielewa bahati yao, na ushahidi huo hatuna pengine pa kuupata kwa Kiswahili kwa ukamilifu kama huu.

Shaaban Robert alipotoa riwaya yake *Kusadikika* mwaka 1951, kitabu cha Mbotela kilikuwa kimekwisha kusomwa miaka 17. Wanaoandika tarehe ya riwaya ya Kiswahili wakamtaja Mbotela kwa mstari mmoja tu humdhulumu, na haki yake ni sura nzima.