Mchezaji wa Kulipwa na Nyasi za Uwanja: Ajira ya Fuller Pilch, 1804–1870

Mwadui FC na Geita Gold FC ni klabu zenye majina yanayokumbusha migodi. Anayechunguza mchezo na ajira katika ukanda huo huvutwa na mabao, akasahau kuuliza mchezaji alilipwa na nani na kwa kazi ipi. Swali hilo ni kongwe kuliko mgodi wa Mwadui, uliogunduliwa mwaka 1940. Katika kriketi ya Uingereza linajibika vizuri kupitia maisha ya Fuller Pilch.

Pilch alizaliwa Horningtoft, Norfolk, na kazi yake ya awali ilikuwa ushonaji. Mwaka 1820, akiwa kijana wa miaka 16, aliichezea Norfolk katika uwanja wa Lord's, London, siku ambazo mpinzani wao William Ward alipata mikimbio 278. Sifa yake mwenyewe ilitokana na mbinu: alinyoosha mguu mbele na kuukabili mpira mara tu ulipodunda, kabla haujapinda. Mwaka 1833 alimshinda Thomas Marsden wa Sheffield katika mapambano ya mtu kwa mtu.

Hata hivyo, makubaliano ya 1835 yanaeleza zaidi kuliko ushindi huo. Mabwana wa Town Malling, Kent, walimvuta kwa pauni 100 kwa mwaka, naye akapewa uwanja na baa iliyopakana nao aviendeshe. Kipaji chake, basi, kilinunuliwa pamoja na mikono yake. Ubaguzi wa kitabaka ulijitokeza hata katika karatasi za matokeo: bwana aliandikwa kwa heshima yake, mchezaji wa kulipwa kwa jina la ukoo tupu.

Mwaka 1842 alihamia Canterbury, na kuanzia 1847 akausimamia uwanja wa St Lawrence. Aliacha kucheza mwaka 1854, lakini uwanja aliendelea kuutunza hadi 1868. Miaka hiyo 14 haipaswi kupitwa haraka. Enzi hizo nyasi zilipunguzwa na kondoo na fyekeo, na mpira ulioruka vibaya uliweza kumvunja mtu mbavu. Aliyejua kupiga ndiye aliyejua pia ardhi inahitaji nini. Mti mkubwa uliachwa ndani ya mpaka wa uwanja, ukadumu hadi upepo ulipouangusha mwaka 2005. Pilch alifariki Canterbury tarehe 1 Mei 1870.