Mizani ya Kungoja

IBM ilipotoa kompyuta yake ya binafsi mwezi wa Agosti 1981, ikiwa na prosesa ya Intel 8088 iendayo kwa megahezi 4.77, haukupita muda mrefu viwanda vingine vikaanza kuinakili, na wanunuzi wakawa na haja ya kubainisha nakala ya kweli na ya hadaa. Njia waliyoishika, ajabu ya mambo, ilikuwa mchezo. Flight Simulator, kazi ya Bruce Artwick iliyouzwa na Microsoft tangu mwaka 1982, ilikuwa kwa kutaka upesi ikivisemesha vyombo vya ndani ya mashine uso kwa uso, bila ya kupitia kwa programu kuu iliyowekwa iwe mkalimani; basi kompyuta iliyoweza kuirusha ndege ile, na kuifungua Lotus 1-2-3 ya watu wa hesabu, ilikubaliwa kuwa ni ndugu wa IBM kwa nasaba.

Mizani hiyo ilijua kusema ndiyo au la tu. Mwaka 1991 ilianza kupima daraja, kwa kuwa Falcon 3.0, mchezo wa ndege ya kivita aina ya F-16, ulikuwa na namna ya kuruka iliyokaribia mno hakika, nayo haikupatikana illa kwa mwenye kipande maalumu cha kukokotoa desimali. Na mwaka uo huo Intel ikaleta 486SX ya bei nafuu, ambayo kipande hicho kilikuwa kimezimwa. Karani mwandika barua asingeitambua tofauti hiyo maisha yake yote, lakini rubani wa mezani aliitambua kabla hajaiacha ardhi.

Mwaka huo huo pia mbunifu wa michezo Sid Meier alitoa Civilization, na hapo ndipo ilipozaliwa mizani ninayoiona mimi kuwa ya haki kuliko zote, yaani kungoja. Mchezo huanza na walowezi wachache wasio na mji, na zamu hupita kama kupepesa jicho. Hata zikipita karne, miji ikawa mingi na majeshi yakajaa bara na bahari, mashine hulazimika kumfikiria kila adui mmoja mmoja, na mchezaji hukaa mikono mapajani, kama mcheza bao ambaye mwenziwe ameshika kete asitake kuzitia.

Wauzaji, walakini, walipenda tarakimu moja iliyo rahisi kutangazwa, nayo ni mwendo wa saa ya prosesa. Pentium 4 ilipotoka Novemba 2000 ikijinadi kwa gigahezi 1.5, ilikuwa imeipata kasi hiyo kwa kuigawa kila kazi katika hatua ishirini, takriban maradufu ya Pentium III. Na kila ilipokisia njia isiyo, ilibidi kumwaga yote iliyokwisha kuyaanza na kurudi mwanzo. Na akili ya adui katika mchezo wa mbinu ni nini, kama si msururu wa njia panda? Joto nalo likazidi, hata mwaka 2004 Intel ikaiacha Pentium 4 ya gigahezi 4 iliyokuwa imekwisha kuiahidi.

Badala ya mbio zikaja prosesa za viini viwili, kisha vinne, kisha vinane. Zilisaidia, ila kwa kadiri, maana hukumu ya pili aghalabu hungoja ya kwanza ikatike. Civilization VI ya mwaka 2016 ilikuja na kipimo chake yenyewe cha kuhesabu sekunde ambazo mashine huzitumia kwa zamu za wapinzani. Na mwaka 2022 AMD, mshindani wa Intel, ikatoa prosesa ya Ryzen 7 5800X3D, ambayo saa yake ilikwenda polepole kuliko ya nduguye 5800X, lakini juu yake palipangwa ghorofa ya kumbukumbu ya karibu, ikafika megabaiti 96 pale nduguye alipokuwa nazo 32. Wenye viwanda vikubwa katika Factorio, mchezo wa kujenga viwanda, ambao ulimwengu wao hutakiwa kuhesabiwa upya mara 60 kila sekunde, mkanda kwa mkanda, hawakuuliza gigahezi.