Mwamba Bandia au Mwamba wa Bandia?

Hapa Mbale, Uganda, hakuna haja ya kumweleza mtu mwamba ni nini. Simama sokoni uinue macho: mlima Wanale huo hapo, umeukalia mji, na mvua ikinyesha maji huteremka kwenye genge lake kama nyuzi nyeupe. Ndiyo maana siku niliyowasomea wanafunzi habari ya "mwamba bandia" wa Mombasa, mmoja aliuliza bila mzaha: "Mwalimu, nani ameghushi mlima?"

Swali lake lilikuwa la haki. Huku kwetu bandia ni neno la malalamiko: mbegu bandia, dawa bandia, noti bandia.

Habari yenyewe ilihusu MV Dania, meli kuukuu ya kubebea mifugo, iliyozamishwa mwaka 2002 kaskazini mwa Mombasa ili samaki wapate makao na watalii wapiga mbizi wapate cha kutazama. (Wapiga mbizi, tafadhali, si wazamiaji. Kwa vijana wa Dar es Salaam mzamiaji ni yule anayejificha melini aende Ulaya bila nauli.) Meli ya kazi hiyo kwanza husafishwa: mafuta hunyonywa matangini, vyenye sumu huondolewa, milango hung'olewa na matundu mapana kukatwa ubavuni, mgeni asije akanasa ndani. Kisha hujazwa maji ili ikae wima. Haikubali kila mara. Mwaka huo huo wa 2002, huko Florida, manowari ya zamani iitwayo Spiegel Grove iliwaponyoka mafundi, ikazama kabla ya saa yake, chini juu, omo likichungulia majini.

Wapo wanaosema "tumbawe bandia". Siwaungi mkono. Tumbawe ni kiumbe hai. Likija kuota kwenye chuma ni tumbawe halisi. Kilichotengenezwa na mtu ni mwamba, yaani pa kushikia. Tena tumbawe linaishia pwani, ilhali mwamba unaeleweka hata Jinja, mji uliopewa jina kutokana na mawe. Ziwa Victoria halina matumbawe, ila lina miamba na samaki wake: furu wanaoishi mawe-mawe, Wasukuma huwaita mbipi.

Kitenzi nacho kina mitego: kuzama si kuzamishwa. Kabalega, feri ya mabehewa ya Uganda, ilizama tarehe 8 Mei 2005 baada ya kugongana na mwenzake Kaawa; hakuna aliyekusudia. Graf von Götzen, meli ya Wajerumani, ilizamishwa na wao wenyewe karibu na Kigoma mwaka 1916, mitambo ikiwa imepakwa grisi nzito, na ndiyo maana iliibuliwa mwaka 1924 ikawa Liemba. Kutosa ni jambo la tatu: ni kutupa usichokitaka. Mkataba wa London wa 1972 unashikilia tofauti hiyo hiyo: kuweka kitu baharini kwa kusudi lisilo la kukitupa tu hakuhesabiwi kutosa, mradi kusipingane na malengo ya mkataba. Florida ilijifunza kwa gharama. Katika miaka ya 1970 yalishushwa baharini matairi yapatayo milioni 2, yakiitwa mwamba. Vifungo vikakatika, matairi yakasombwa na mawimbi na kuponda matumbawe ya jirani.

Huo ndio mwamba bandia kama noti ilivyo bandia. Dania ni kitu kingine, na Kiswahili kinayo njia ya kukitaja. Bandia asili yake ni mwanasesere, mtoto wa bandia, na tunasema meno ya bandia, mguu wa bandia. Noti bandia inakudanganya. Mguu wa bandia unakufikisha sokoni. Najua wengi hukidondosha hicho kihusishi, "ya" au "wa", hata kwenye meno na miguu. Mimi darasani nakidai: mwamba wa bandia. Anayeandika bila "wa" namkata alama.