Alama ya Kijani

Ukiniuliza muziki mbadala ni upi, sitaanza na gitaa. Nitaanza na rafu ya santuri mjini Olympia, jimbo la Washington, Marekani, ambako KAOS, redio ya chuo cha Evergreen State, ilianza kurusha matangazo mwaka 1973.

Chuo chenyewe hakitoi gredi. Mwalimu anakuandikia maelezo kuhusu kazi yako, basi. Mimi niliyeacha chuo katikati, hapo ilibidi nisome mara mbili.

Miaka ya 1970 ikielekea kuisha, John Foster, aliyesimamia muziki pale, na wenzake waliweka sheria: asilimia 80 ya muziki unaochezwa utoke lebo huru, zisizo za kampuni kubwa. Ili prezenta asiseme hakujua, santuri za lebo hizo zilitiwa alama ya kijani. Unaingia studio, unapitisha macho kwenye rafu, unaona kijani, unachomoa.

Sheria yenyewe haitaji punk, jazz wala folk. Inauliza tu: rekodi hii ni mali ya nani? Kampuni kubwa zilikuwa na pesa na watu wa kuzungusha nyimbo redioni. Bendi iliyojichapishia santuri mia chache haikuwa na mtu. Kuna atakayesema huo ni ubaguzi, si wacheze tu kilicho kizuri? Lakini kizuri, mara nyingi, ni kile ambacho tayari tumekisikia mara mia. Na nani alilipia hizo mara mia?

Mwaka 1979 Foster alianzisha pia jarida, OP. Kila toleo lilishughulikia herufi moja ya alfabeti. Walipofika Z, mwaka 1984, wakafunga. Napenda watu wanaojua kufunga duka.

Waliopita studio ile hawakukaa bure. Bruce Pavitt, mwanafunzi wa Evergreen, alianza kutoa kijarida mwaka 1980, na hicho ndicho kilichozaa lebo ya Sub Pop, Seattle. Calvin Johnson, aliyeanza kutangaza KAOS akiwa bado wa sekondari, alianzisha K Records mwaka 1982. Na mwaka 1987 vijana fulani kutoka Aberdeen walipiga laivu hapo KAOS, hata jina la bendi halijatulia. Baadaye walijiita Nirvana.

Albamu yao ya kwanza, Bleach, ilitolewa na Sub Pop mwaka 1989. Ya pili, Nevermind, ikatoka 1991 chini ya DGC, lebo ya Geffen, na ghafla "mbadala" likawa jina la rafu kwenye kila duka la muziki. Sasa rudi na hizo albamu mbili Olympia. Bendi ni ile ile, koo la Kurt Cobain ni lile lile. Kwa sheria ya Foster, Bleach ina kijani. Nevermind haina: itagombania ile asilimia 20 iliyobaki, pamoja na mastaa wengine wote.